Mkato

Mwezi wa tatu mama alituma laki mbili
kwa muuza angara wa Panyimur.
Alikusudia elfu ishirini.
Skrini haikumuuliza neno. Sufuri zilisimama bega kwa bega
kama watoto wa shule siku ya gwaride,
nani angejua kuna mmoja amezidi?
Muuza angara akazima simu siku tisa,
alipoiwasha, hakuwa na kitu.

Ndipo nikafungua folda tupu, hapa Arua,
chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga ya Onzima.
Faili la kwanza linataka jina, toleo, leseni.
Jina nikaliacha wazi.
Leseni: chukua, tumia, usinidai.
Nikaagiza vitegemezi viwili,
vikaja mia tatu na kumi na viwili,
kila kimoja na shemeji zake,
bando la wiki likaisha kabla chai haijachemka.

Kazi yenyewe ni mistari arobaini ya Javaskripti:
kisanduku cha kuandikia pesa.
Unagusa 20000, kinakuonyesha 20,000.
Mkato mmoja. Basi.
Ukiniuliza miezi miwili ilikwenda wapi
nitakuonyesha huo mkato.

Kwa sababu, je, kikiachwa kitupu?
Je, mtu akibandika bei ya Ariwara, faranga
zenye nukta pale ninapotaka mkato?
Je, akiandika herufi O akidhani ni sufuri?
Nyekundu. Nyekundu.
Umeme ukaenda.
Ukarudi saa nane usiku, redio ya jirani ikaanza kuimba peke yake.
Nyekundu.
Kijani.
Kumi na tisa kijani, mstari kwa mstari;
nikalala na viatu.

Asubuhi mama akakishika simuni
kwa kidole gumba chenye magamba ya samaki.
Akaandika laki mbili na nusu.
"Haya, nimekosea. Ni laki mbili na sitini."
Akarudi katikati, akafuta tano,
na kishale kikaruka hadi mwisho
kama mbuzi aliyekata kamba;
sita yake ikaangukia huko: 200,006.
"Hizi shilingi sita," akauliza, "ni za nani?"

Sikuwa na jibu.
Majaribio yangu kumi na tisa yaliandika kama malaika,
kutoka kushoto kwenda kulia, bila kujuta.
La ishirini nimelipa jina:
*Ayikoru anabadili mawazo.*
Lilinichukua siku nne, na ndilo pekee
ninaloweza kulisimulia bila kusoma.

Siku ya kuchapisha, *pesa* ina mwenyewe.
*Shilingi* ina mwenyewe, *hela* pia,
ameichapisha mara moja, miaka sita iliyopita,
ndani hamna kitu, mlango na kufuli.
Nikaandika *angara*. Ikapita.
Sufuri nukta moja nukta sufuri.
Neno likitoka hapa halirudi mdomoni,
nikasoma faili zote tena, nikabonyeza.

Dirisha jeusi likadai namba ya siri, tarakimu sita,
iliyotumwa simuni kwangu.
Simu yangu ilikuwa sokoni na mama,
yake ilikuwa kwa fundi.

Nikaazima ya Onzima, mikono yake imejaa unga.
Nikapiga. "Mama, kuna namba imeingia, nisomee upesi,
inakufa baada ya dakika chache."
Nikasikia mizani, mtu anabisha bei,
nikasikia anatafuta miwani.

Hakunisomea tarakimu moja moja.
Hajawahi kuona namba isiyo ya mtu.
"Laki nne," akasema, "na elfu saba,"
akanyamaza kidogo, pale pale panapotakiwa,
"mia mbili na kumi na tano.
Nani huyo anakudai?"